Bamba la Jerez na Siku Nne za Haraka

Upasuaji aliofanyiwa Marc Márquez, mwendesha pikipiki za mashindano, baada ya kuanguka Jerez, Hispania, tarehe 19 Julai 2020, hauna dosari ya kulumbania: humerasi, yaani mfupa ulio kati ya bega na kiwiko, ilikuwa imekatika kwa kukingama, neva ya radiali inayouzunguka mfupa huo kwa nyuma ilikuwa salama, na siku mbili baadaye vipande viliungwa kwa bamba la titani na skrubu 12. Kosa, na ni kosa la wazi, ni kuruhusiwa kwake kurudi kwenye pikipiki tarehe 25, siku ya nne tu tangu atoke chumba cha upasuaji.

Ruhusa hiyo ilisindikizwa na pushapu alizopiga Márquez, zilizovuma sana, nazo zikapokewa kama cheti cha uzima ilhali zilipima misuli na uvumilivu wa maumivu, si mfupa. Pushapu ni mzigo wa polepole unaogawanywa kwa mikono miwili na kukoma mtu anapochoka, wakati breki ya pikipiki ya mashindano huukunja na kuusokota mkono kwa nguvu, kona baada ya kona. Siku ya nne, katikati ya vipande vya mfupa pana damu iliyoganda na chembe zinazoanza tu kazi ya ujenzi, kwa hiyo karibu mzigo wote hubebwa na chuma. Na chuma, tofauti na mfupa, hakijirekebishi, bali kila kinapokunjwa hukaribia kile mafundi wanachokiita uchovu wa metali, kama waya wa seng'enge unaokunjwa na kukunjuliwa mpaka ukatike bila kuvutwa. Márquez alijitoa siku hiyohiyo wakati wa kutafuta nafasi za kuanzia. Siku chache baadaye bamba lilikatika nyumbani alipokuwa akifungua dirisha kubwa, na tarehe 3 Agosti likabidi libadilishwe. Dirisha limesingiziwa mno. Lilikuta kazi imekwisha kuanzwa barabarani.

Ubishi huu wa lini mfupa ulioungwa utwishwe mzigo si mgeni. Tangu madaktari wa Uswisi, Maurice Müller akiwa miongoni mwao, waunde kundi la AO mwaka 1958 na kufundisha kwamba mfupa ukazwe imara ili viungo visogezwe mapema visije vikakakamaa, wamekuwapo wanaosoma nusu ya somo, wakidhani kusogeza mkono mapema ni sawa na kuutwisha mzigo mapema. Hugh Owen Thomas wa Liverpool, mtoto wa mwunga mifupa, ambaye gango lake la mguu bado linajulikana kwa jina lake, asingedanganyika, kwa kuwa aliushikilia msimamo kwamba pumziko la kiungo liwe la lazima, lisilokatizwa na la muda mrefu. Hata Augusto Sarmiento, mtetezi mkubwa wa kutembeza viungo, aliyeonyesha mwaka 1977 kwamba humerasi nyingi huunga ndani ya gango la plastiki bila kisu, aliwaacha wagonjwa wake wakunje kiwiko, si wapande pikipiki. Lakini waandishi wa michezo huita ushujaa kile ambacho wodini huitwa utoro, na daktari anayesema subiri huonekana mwoga.

Mfupa ulikataa kuunga. Desemba 2020, katika upasuaji wa tatu uliochukua saa nane, ulipandikizwa kipande cha mfupa kutoka nyonga na bamba jipya, kwa sababu vipande vilikuwa vikichezacheza kana kwamba pana kiungo, na vipimo vikathibitisha maambukizi ya vijidudu. Kazi hiyo ilifanywa vizuri, na Juni 2021 Márquez alishinda tena, katika mbio za Sachsenring. Hata hivyo mfupa ulikuwa umeunga ukiwa umejisokota, na Juni 2022, katika Mayo Clinic huko Rochester, Marekani, ulikatwa upya na kuzungushwa takriban nyuzi 30.