Fani na Maudhui katika Vinyago vya Wanyama vya Tabaka

Wahakiki wengi wamezoea kuvigawa vinyago katika mafungu mawili: vya sanaa na vya kuuzia watalii. Vinyago vya jiwe la sabuni vichongwavyo Tabaka, katika Kaunti ya Kisii, hutupwa upesi katika fungu la pili, kwa hoja kwamba tembo, twiga na viboko wake ni miviringo na mistari mitupu. Makala haya yanaipinga hoja hiyo, ingawa hayatetei kila kinyago.

Fani hii chanzo chake ni jiwe lenyewe. Jiwe la sabuni ni laini. Hukatwa kwa panga na kisu, kisha husuguliwa kwa msasa na maji. Hata hivyo huvunjika kwa urahisi, wala halistahimili miguu myembamba kama ile ya swala wa mti achongwaye na Mkamba. Mchongaji hana budi kuyaacha maungo yashikamane. Kwa hiyo mama na mtoto hutoka katika bonge moja: shingo ya twiga huinama ikafanya duara, na mwanawe akakaa ndani yake. Hapo duara si pambo. Ndilo linalobeba maudhui, yaani himaya ya mzazi. Elkana Ong'esa, mzaliwa wa Tabaka, ambaye sanamu yake ya ndege wa amani iko katika makao ya UNESCO, Paris, amedhihirisha jinsi umbo lililopunguzwa linavyoweza kusema mengi.

Kasoro huanza pale jiwe linapopakwa rangi, kisha mistari na pembetatu zikakwaruzwa juu yake bila kufuata mwili wa mnyama. Aghalabu mtoto naye huwa mama aliyefanywa mdogo tu, hali kila mfugaji ajua kwamba ndama ana miguu mirefu ikilinganishwa na kiwiliwili chake.

Jambo hili si dogo. Nchi ya Wagusii, Kisii na Nyamira, imejaa mashamba na watu. Kiboko ni alama ya ukoo wa Abanchari, lakini kijana aweza kumchonga pasipo kumwona kamwe. Akinakili kinyago cha jirani badala ya kumchunguza mnyama, litabaki jina na umbo tupu. Basi mhakiki asiulize kinyago kiliuzwa kwa nani. Na aulize: mstari huu wamweleza mnyama, au wamficha?