Kushiriki na Kushirikishwa

Katika lugha ya maofisi yetu limezoeleka neno moja ambalo yafaa wapenzi wa Kiswahili walitazame kwa makini. Neno hilo ni kushirikishwa. Twaambiwa kwamba wafanyakazi wameshirikishwa katika mpango, wameshirikishwa katika bajeti, wameshirikishwa hata katika kuhamishwa kwao. Baina ya kushiriki na kushirikishwa imeongezeka mizani moja tu, lakini mtunzi wa mashairi anajua kuwa mizani haiongezwi bure. Anayeshiriki huja kwa miguu yake. Anayeshirikishwa huletwa, na aliyemleta aweza kumrudisha alikotoka.

Jambo hili lina historia. Waraka wa Rais Namba 1 wa 1970 uliagiza mashirika ya umma yaunde mabaraza ya wafanyakazi. Lilikuwa agizo la heshima, kwa maana mfanyakazi aliyezoea kuamriwa na mnyapara wa kikoloni aliambiwa kwamba naye ana akili. Lakini kazi ya mabaraza hayo ilikuwa kushauri, na viti vingi vikakaliwa na wakuu wenyewe. Mwaka uliofuata ukatoka Mwongozo wa TANU, na ibara yake ya 15 ikawakataza viongozi ubwana, majivuno na dharau kwa walio chini yao. Wafanyakazi waliishika ibara hiyo kama wanafunzi wa chuo wanavyoshika sura fupi. Migomo mingi ya miaka ile haikuwa ya mshahara bali ya heshima. Na mwaka 1973, katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, wafanyakazi walifikia hata kukitwaa kiwanda wakakiendesha wenyewe.

Kama maandishi, naihesabu ibara ya 15 miongoni mwa mafungu yenye nguvu zaidi katika nathari yetu ya kisiasa. Hata hivyo ina upungufu ambao wasifu wake huupita kimya: inazungumzia tabia ya mkubwa, haizungumzii mamlaka yake. Meneja aweza kuwa mpole, akasalimia kila mtu asubuhi kwa jina lake, kisha akaamua kila kitu peke yake.

Wapo wasemao kwamba Mwongozo uliharibu nidhamu na kushusha uzalishaji. Si uongo mtupu. Walikuwapo wavivu waliojificha nyuma ya ibara hiyo kila walipoulizwa kazi. Lakini tusisahau kwamba hata Serikali, ilipotaka kuyapeleka madaraka mikoani mwaka 1972, iliwaendea McKinsey, washauri wa kampuni za Marekani, wawachoree mfumo. Mabaraza ya wilaya yaliyochaguliwa na wananchi yakavunjwa, wataalamu wakashika usukani. Mkoa wetu wa Rukwa, ulioundwa mwaka 1974, ulizaliwa katika mfumo huo. Madaraka yalitembea hadi mkoani, yakaishia ofisini.

Siku hizi neno kuu ni ufanisi. Kuanzia mwaka 2004 watumishi wa umma tulipimwa kwa fomu za OPRAS, mfumo ulioitwa wa wazi. Mtumishi na msimamizi wake walipaswa kukubaliana malengo, wakatazamana tena katikati ya mwaka, wakapeana alama mwishoni. Karatasini ni mazungumzo ya watu wawili. Lakini malengo yalikuwa yamekwisha kushuka kutoka juu, na uwazi uliobaki ulikuwa wa alama. Mfumo uliofuata, PEPMIS, umehamia kwenye kompyuta. Kasi imeongezeka, swali la nani anayeamua nini kipimwe limebaki palepale.

Na swali hilo si la siasa tupu, ni la kazi yenyewe. Mkulima wa Ufipa hugeuza majani na udongo akafanya matuta ya duara, akayaacha majani yaoze, na ulezi akaupanda msimu unaofuata. Mpimaji wa kila robo mwaka angefika uwandani, akaona jasho bila mavuno, akaandika sifuri. Watumishi wengi hapa Majengo, mjini Sumbawanga, wana mashamba. Wangemcheka mpimaji huyo. Jumatatu wakirudi ofisini hujaza fomu bila kucheka. Karani wa masjala ndiye ajuaye kwa nini majalada hupotea, na muuguzi wa zamu ya usiku ndiye ajuaye foleni inakwama wapi. Kuwanyima kauli hakuharakishi kazi.

Mabaraza ya wafanyakazi yangali katika sheria, ikiwamo Sheria ya Majadiliano katika Utumishi wa Umma ya 2003. Mhakiki atakaye kuyapima aache hotuba za ufunguzi, asome mihtasari. Ahesabu ajenda ngapi zililetwa na wakubwa na ngapi na wafanyakazi. Kisha atafute, katika kikao kilichofuata, ni ipi kati ya zile za wafanyakazi iliyobadili jambo lolote.