Bandari Bubu na Ulimi wa Mtunzi

Miongoni mwa tungo za Mrima zilizobeba habari za vita, Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy una daraja yake. J.W.T. Allen aliutoa kwa chapa mwaka 1955, lakini mtunzi aliishi zama za vita vyenyewe, vile vya mwaka 1888 na 1889, ambavyo Bushiri bin Salim aliviongoza Pangani na Bagamoyo, na Bwana Heri akavishikilia Saadani. Utenzi huu husomwa kama historia, na pengine kama kilio cha waungwana walioporwa miji yao. Unaweza kusomwa pia kama kazi ya mpasha habari aliyelazimika kueleza upungufu wa watu wake mwenyewe.

Jina ambalo utenzi unajulikana nalo latosha kuwa ushahidi. Halitaji vita vya kuwafukuza Wadachi, bali kutamalaki kwao, yaani kushika milki. Mwisho wa kisa umewekwa mlangoni, na msomaji anaingia akijua kwamba ngome itaanguka. Kusimulia kushindwa kwa namna hiyo si usaliti, kwa kuwa mtunzi anasema baada ya ngome kuanguka. Boma la Bushiri la Nzole, karibu na Bagamoyo, lilivamiwa na jeshi la Wissmann tarehe 8 Mei 1889, na Bushiri akanyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka huo huo, baada ya kukamatwa. Mtu anayemwonyesha adui njia ya mafichoni, na mtunzi anayeitaja njia hiyo katika ubeti baadaye, huenda wakatamka neno lile lile. Kinachowatenga ni saa ya kusema na sikio linalosikiliza.

Gazeti halina nafasi ya utenzi. Linatoka asubuhi, ngome ikiwa bado imesimama, na mlinzi, jirani na mwizi hulinunua kwa bei moja. Pwani iliyo kaskazini ya Dar es Salaam inalijua jambo hili kwa neno lake yenyewe: bandari bubu. Baina ya Bagamoyo, Saadani na Pangani, fukwe na mikoko vimeacha maficho ambamo vyombo hutia nanga pasipo forodha wala polisi. Magazeti ya Tanzania yameandika mara nyingi juu ya magendo na watu wanaopitishwa katika bandari za aina hiyo. Neno hilo ni tamathali iliyokomaa: bandari isiyo na ulimi, isiyotoa stakabadhi, isiyoweza kushuhudia. Gazeti linapoipa ulimi, linamsaidia nani?

Jibu la dola limekuwa kali. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 na Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 ziliipa serikali uwezo mpana wa kuamua lipi ni siri na gazeti lipi linyamaze. Mwezi Septemba 2013 Mwananchi lilifungiwa siku 14, na mojawapo ya makosa lililotajiwa ni kuchapisha viwango vya mishahara ya serikali vilivyokuwa katika waraka wa siri. Mishahara si ghala la silaha. Neno siri likinyooshwa hadi kufunika kila linalotia haya, halibaki na nguvu pale linapohitajika kwa kweli. Sheria ya Magazeti ilifutwa mwaka 2016 kwa Sheria ya Huduma za Habari, lakini swali halikufutika pamoja nayo. Kenya nayo ilitunga sheria ya usalama mwaka 2014, na tarehe 23 Februari 2015 Mahakama Kuu ikabatilisha vifungu vyake kadhaa, vikiwemo vilivyobana uchapishaji wa habari za ugaidi.

Mfano ulio mzito zaidi uko Dar es Salaam. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi lililipuka Mbagala. Tarehe 16 Februari 2011 yakalipuka maghala ya Gongo la Mboto. Kila mara walikufa watu wasiopungua 20, na makombora yakaangukia nyumba za majirani. Hapo ufa haukuhitaji adui. Aliyeufahamu kwa kuutazama alikuwa mlinzi, na aliyeulipia kwa roho yake alikuwa mpangaji wa chumba cha jirani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na asiyeambiwa kuwa upo hawezi kudai uzibwe.

Washairi wa pwani walikuwa na njia ya kati, nayo ni fumbo. Muyaka bin Haji, katika Mombasa ya Mazrui iliyokuwa ikisukumana na Unguja, alijua kumfikishia mkubwa onyo ambalo mgeni angelisikia kama mchezo wa maneno. Fumbo linamchagua msikilizaji wake, na hiyo ndiyo hekima yake. Lakini hapo hapo ndipo pana upungufu wake: mpangaji wa Mbagala hakuwa miongoni mwa waalikwa. Mficha uchi hazai, na taifa linalofumbiana kuhusu baruti halipati tiba.

Hata hivyo gazeti halipaswi kujisamehe upesi. Mhariri anayechapisha zamu za walinzi, saa za doria au ramani ya kijia kwa kuwa habari hiyo itauza nakala, amefanya kazi ya yule aliyeonyesha njia ya mafichoni. Kueleza kwamba ghala limepakana na nyumba za watu, kwamba wenye dhamana walionywa na hawakutenda, ni kuwapa majirani haki yao. Kueleza kufuli lipi ni bovu, kabla fundi hajaitwa, ni kumpa mwizi ufunguo. Katika bandari bubu vilevile: msomaji anastahili kujua kwamba pwani iko wazi, nani ananufaika, na kwa nini doria haifiki, usiku gani haifiki, hilo aambiwe kwanza mwenye kuituma.

Hemedi alisema ukweli wote kwa sababu hapakuwa tena na la kuokoa. Mhariri wa leo ana mzigo mzito zaidi, kwani neno lake linaweza bado kuokoa, na linaweza bado kuua.