Katika Sifa ya Hekaya za Makauboi

Miongoni mwa fani za utungaji ambazo wajuzi wa fasihi aghalabu huzipita pasina kuzitupia jicho, imo hekaya ya mahaba ya wachunga ng'ombe wa Marekani, wale tuwaitao makauboi. Nami naiona kuwa ni fani yenye kustahiki heshima, kwani mtungaji wake humchukua mwanamume aliyezoea kusema na farasi kuliko kusema na watu, akamtaka ahuishe penzi lililopoa na kuwaomba radhi jamaa aliowakosea, mambo ambayo sisi sote huyatengeneza kwa ulimi, na ilhali mtu huyo ulimi hana.

Mfarakano wenyewe mtungaji hana haja ya kuubuni, maana amekwisha kupewa na tarehe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, Texas ilikuwa na ng'ombe tele wasio na bei, na mwaka 1867 soko likafunguliwa kando ya reli huko Abilene, Kansas. Basi vijana wakawa wakiswaga makundi kwenda kaskazini kwa miezi, na aliyeachwa nyumbani hakujua kama muhibu wake yu hai. Kisha ukaja waya wa miiba, ambao Joseph Glidden alipata hataza yake mwaka 1874, nyika zikazungushiwa ua. Na kipupwe cha 1886 hadi 1887 kikaua mifugo isiyo na hesabu. Wengi basi walirudi kwao si kwa kuwa moyo umewatuma, bali kwa kuwa kazi imekwisha, na katika aibu hiyo ya kurudi mikono mitupu ndimo hekaya nyingi za namna hii zinamoanzia.

Mmoja wa waanzilishi alikuwa mwanamke, Bertha Muzzy Bower, aliyeishi Montana na kuandika kwa jina la B. M. Bower, hata wasomaji wengi wakamdhania mwanamume. Kitabu chake Chip of the Flying U, cha mwaka 1906, kingali chasomeka kwa furaha.

Lakini ustadi mkubwa kupita wote naukuta kwa Larry McMurtry, mzaliwa wa Texas na mwana wa mfugaji, katika riwaya yake Lonesome Dove ya mwaka 1985. Gus McCrae afika Ogallala, Nebraska, kumwona Clara aliyempenda ujanani, naye Clara ana mume aliyepigwa teke la kichwa na farasi, amelala hana fahamu. Penzi lao lahuika mbele ya macho yetu, na bado Clara, kwa upole na kwa uthabiti, akataa kuolewa naye. Fauka ya hayo, kuna Kapteni Call, ambaye kijana Newt ni mwanawe wa damu asiyemkiri. Siku ya kuagana, Call ampa kijana bunduki yake, na saa aliyoachiwa na baba yake mwenyewe, na yule farasi jike mkali ambaye tangu kurasa za mwanzo tumemwona akimng'ata bwana wake, na bwana huyo asikubali kuachana naye. Ampa yote hayo, na neno moja la ubaba lamkwama kooni. Mtungaji dhaifu angaliwakumbatisha wakalia. McMurtry, ambaye kwa kurasa mamia ametufundisha thamani ya farasi yule, atuachia wenyewe kupima uzito wa zawadi na uzito mkubwa zaidi wa kile kilichonyimwa, wala haingilii kati kutueleza. Na Clara, ajuaye yote, hamsamehe Call kwa taksiri hiyo, nami naona ana haki.

Kitabu hicho kilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1986, na kiliistahiki. Nawasihi vijana wetu watungao riwaya za mahaba wausome muagano ule wa Call na Newt kabla hawajamwandikia mhusika wao hotuba ya kuomba msamaha.