Mpaka, Mpakani: Mkazo Unavyohama

Simama stendi ya Vwawa asubuhi umsikilize konda wa gari la Tunduma. Haiti “mpaka”, anaita “mpakani”, na silabi anayoivuta hadi abiria wa ng'ambo ya barabara wageuke ni KA. Kwenye “mpaka” iliyobeba uzito ni PA. Kimebandikwa kiambishi kidogo nyuma, mkazo nao umesogea hatua moja.

Kanuni ya silabi ya pili kutoka mwisho tulifundishwa shuleni. Hatukuambiwa sana kwamba mbele ya neno unaweza kupakia utakavyo, mkazo usitikisike. Chukua kitenzi cha mpakani hasa: VUka. Wana-VUka. Watakapo-VUka, silabi 6 sasa, na mkazo uko palepale. Gusa nyuma uone: vuSHIa, vushiAna. Ukirudi kupakia mbele unapata wa-ta-ka-po-vu-shi-A-na, silabi 8, biashara nzima ya Tunduma na Nakonde ndani ya neno moja, na kilele chake ni irabu tupu isiyo hata na konsonanti ya kuiegemea.

Kiholanzi hufanya kinyume. Dereva wa lori, mtu asiyekosekana kwenye foleni ya Tunduma, kwao ni vrachtwagenchauffeur: mzigo, gari, dereva, vyote vimeshonwa pamoja. Silabi ni 5 tu, maana vracht, pamoja na msongamano wake wote wa konsonanti, ni silabi moja. Na ndiyo yenye mkazo mkuu. Chauffeur likiwa peke yake hukazwa mwishoni, kwenye feur. Likifungwa nyuma kama tela, linabaki na mkazo hafifu.

Kuhesabu silabi nako kuna mitego. Mbozi ni mbili, Mbo-zi, lakini Mlowo ni tatu, M-lo-wo: M ya kwanza imeungana na b, ya pili inasimama yenyewe. Kwenye “mtu” M hiyohiyo ndiyo inayobeba mkazo, kwa kuwa hakuna mwingine wa kuubeba.

Kanuni ina watoro wake, na ninayempenda zaidi ni huyu: baraBAra ni njia, baRAbara ni sawasawa. Maandishi hayawatofautishi; sikio huwatofautisha mara moja. Lori limekaa baRAbara barabaRAni.