Raia gani huyo? Neno juu ya historia ya mashindano ya bunduki

Wandugu wasomi, kuna historia moja ya michezo ambayo kila anayeisimulia anaisimulia kwa furaha: namna raia wa kawaida, makarani, wanasheria, wafanyabiashara, walivyounda timu za kulenga shabaha. Naipenda na mimi. Ila neno "raia" humo ndani linanikwaza.

Utamu wake kwanza. Tarehe 26 Septemba 1874, Creedmoor karibu na New York, Waamerika sita walikutana na Waireland sita, mabingwa wa Wimbledon mwaka uliotangulia. Umbali: yadi 800, 900 na 1,000. Hiyo ya mwisho inapita metre 900, mtu anaonekana kama sisimizi! Muireland mmoja, Milner, akapiga katikati kabisa, kumbe kwenye shabaha isiyo yake. Sifuri. Mwishoni John Bodine, mkono umekatwa na chupa, amefunga kitambaa, akalala chini akapiga ya mwisho. 934 kwa 931. Ile risasi ya Milner ingekuwa pointi 4. Fanyeni hesabu wenyewe.

Lakini haukuzaliwa mchezo tu. Mwaka 1859 Waingereza walimwogopa Napoleon III, raia wakajiandikisha kulinda nchi, chama chao cha bunduki kikaanzishwa. Tarehe 2 Julai 1860 Malkia Victoria akapiga risasi ya kwanza Wimbledon. Waamerika walianzisha chao 1871, juu maofisa walikuwa wameona vitani jinsi askari wao wasivyojua kulenga. Wasimulizi wanapita hapo mbio mbio, wanarudi kwenye vikombe.

Na ndipo penye lawama yangu. Sisi wa Fizi tumekua tukijua raia ni yule asiye na bunduki, yule anayekimbia mlio wake na watoto mgongoni. Kule, raia alikuwa mtu aliyeaminiwa nayo. Nani aliaminiwa? Raja wa Kolhapur alitoa kombe la kushindaniwa huko Wimbledon. Mwaka 1878 sheria ya silaha ya India ikamtaka Mhindi awe na leseni, Mzungu akasamehewa. Kombe lao lipokelewe, bunduki wasishike!

Halafu kuna tarehe ambayo sijaona msimulizi yeyote akiiweka pamoja na ile ya Malkia. Tarehe 2 Julai 1890, miaka 30 kamili baadaye, Mkataba wa Brussels ulitiwa sahihi. Ulipinga biashara ya watumwa, na hilo nani atalikataa? Ila ulikataza pia kuingiza bunduki za kisasa, zenye mifereji ndani ya mtutu, kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Kazimia, Baraka, Fizi yote imo. Mtu binafsi aliweza kuruhusiwa akitoa dhamana ya kutosha. Mnajua dhamana ya nani ilitosha. Kwa wengine, kilichoweza kuruhusiwa ni gumegume, mtutu laini, tena pale serikali inapotaka. Mwezi huohuo wa Julai mashindano ya Wimbledon yalihamia uwanja mpya, Bisley.

Gumegume haina uhakika hata kwa yadi 200. Creedmoor walianzia 800.