Chungu Chema: Kukijua Sokoni, Kukitunza Jikoni

Macho ni shahidi dhaifu mbele ya chungu. Yataona umbo, rangi na nakshi za begani. Hayataona kama udongo uliiva, kama ukuta una unene mmoja kutoka mdomoni hadi kitakoni, wala kama ule mng'ao unaovutia utabaki chunguni au utaingia mchuzini. Hayo huulizwa kwa sikio, kwa kidole na kwa maji. Muuzaji anayeijua kazi yake hatakuzuia kuuliza. Mara nyingi atakuonyesha mwenyewe.

Anza na sikio. Kikalishe chungu juu ya kiganja kilichofunguka, kisiguse kitu kingine, ukigonge ubavuni kwa kifundo cha kidole. Chungu kizima kilichoiva huitika kwa mlio safi unaodumu kidogo. Chenye ufa hutoa sauti ya mkwaruzo iliyokatika, hata kama ufa wenyewe umesiribwa ukapakwa rangi juu. Kisichoiva hutoa kishindo kizito, bubu. Gonga pande tatu au nne, kwa sababu chungu kinaweza kuwa kizima upande mmoja na kibovu upande wa pili. Kilicholala chini usikigonge: ardhi humeza sauti, na vyote vitasikika sawa.

Kisha kitako. Lowesha kidole, usugue mahali pamoja kwa nguvu. Kidole kikitoka na tope, kirudishe chungu hicho. Udongo wa mfinyanzi hugeuka kweli pale joto linapopita nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi. Chini ya hapo maji huurudisha kwenye tope ulikotoka. Wafinyanzi wengi wa kwetu huchoma uwanjani bila tanuri, kwa nyasi, magome, kuni na samadi kavu, na moto wa namna hiyo hupanda hadi kati ya nyuzi 600 na 900, kisha ukashuka upesi. Ndani ya rundo moja, basi, huwamo vilivyoiva barabara na vilivyokaa pembeni upepo ukavinyima moto. Vyote huuzwa bei moja, na kazi ya kuvitenga ni ya mnunuzi.

Madoa meusi ya moshi yasikutishe. Yanaonyesha mahali ukuni ulipoegemea au hewa ilipokosekana, na mimi huyapenda kuliko chungu kilichopakwa rangi ya dukani ili kifanane pande zote. Madoa ya kuogopa ni meupe, madogo kama punje ya mtama, yaliyozama ndani ya udongo. Hivyo ni vipande vya matumbawe, kome au mawe ya chokaa ambavyo mfinyanzi hakuvichagua wakati wa kukanda. Motoni hugeuka chokaa. Baada ya hapo hunywa unyevu wa hewa, huvimba, na wiki kadhaa baadaye hung'oa kipande cha ukuta kilichovifunika. Ukiona kishimo chenye doa jeupe katikati, ujue vingine vinakuja.

Sasa ukuta. Tia mkono mmoja ndani na mwingine nje, vidole vitazamane, uvitembeze polepole kutoka mdomoni hadi chini. Unatafuta mahali unene unapobadilika ghafla, hasa pale tumbo linapokutana na kitako, maana chungu hupasuka hapo. Ukuta mnene na ukuta mwembamba hazipati moto kwa mwendo mmoja: mmoja umeshatanuka, mwingine bado, na mpaka kati yake hufumuka. Hii pia ndiyo sababu chungu cha mafigani kina kitako cha mviringo. Duara halina pembe ya kukusanya mvutano, na ndimi za moto hulizunguka lote.

Wengi hudhani ukuta mnene ndio imara. Kwa mtungi wa maji, sawa. Kwa chungu cha kupikia ni kinyume, na ukitaka ushahidi tazama kazi ya wanawake wa Kikisi wa Ikombe, wilayani Kyela, chini ya milima ya Livingstone ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Matumbo ya vyungu vyao ni duara kamili, kuta ni nyembamba kiasi cha kukufanya ukishike chungu kwa adabu, na uso umesuguliwa kwa jiwe laini hadi ukapata mng'ao mpole usiotokana na kitu chochote kilichopakwa. Huvusha vyungu hivyo kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo, Matema, na kutoka hapo husambaa mbali. Wembamba ule ni wa akili: joto hupenya haraka, ndani na nje ya ukuta vikatanuka pamoja.

Nyama ya udongo nayo itazamwe. Omba kigae kilichovunjika. Penye vyungu hakikosekani. Utaona punje za mchanga, au vigae vya zamani vilivyotwangwa vikachanganywa na udongo mpya. Chungu cha kupikia kinazihitaji punje hizo, kwani ufa unaoanza hugonga punje na kusimama, ilhali katika udongo laini mtupu ungekwenda moja kwa moja. Mstari mweusi katikati ya kigae unamaanisha moto ulikuwa wa haraka na haukumaliza kuchoma mabaki ya majani yaliyomo. Si kasoro kubwa ikiwa pande zote mbili ni nyekundu na ngumu. Kigae kikiwa cheusi kote na unaweza kukimega kwa vidole, achana na rundo lote.

Vipi kuhusu vile vinavyong'aa, vyenye glezi, yaani utando wa kioo ulioyeyushwa juu ya udongo? Watu wa Pwani wamevijua vyombo vya glezi kwa zaidi ya miaka 1,000. Mwanaakiolojia Mark Horton alipochimba Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980, na kabla yake Neville Chittick huko Kilwa na Manda, vilitoka ardhini vigae vya mitungi ya rangi ya feruzi kutoka nchi za Ghuba ya Uajemi, na vya mabakuli ya Kichina. Lakini vyungu vilivyopikiwa, vyenye masizi yake, ni vya kienyeji visivyo na glezi, na ndivyo vilivyo vingi mno. Sahani za ng'ambo ziliwekwa kwenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, za nyumba za Lamu na kupachikwa katika makaburi ya nguzo kama yale ya Kunduchi. Mimi naona huo ni ujuzi wa jikoni. Kioo na udongo havitanuki sawa. Chombo kilichofanywa kwa ajili ya meza hakikufanywa kwa ajili ya mafiga.

Hadi leo kosa la kwanza la mnunuzi wa chombo cha glezi ni kukiteleka mafigani cha meza. Tajini za Moroko zilizochorwa maua ya buluu na kijani ni za kupakulia. Zile za kupikia ni za udongo mtupu, au zina glezi isiyo na mapambo. Kwa hiyo uliza kwanza: hiki ni cha moto? Jibu likiwa la kusitasita, kiweke mezani. Kikiwa cha moto, kigeuze. Chungu cha glezi cha kupikia kwa kawaida huachwa kitako chake wazi, udongo mtupu. Kielekeze kwenye mwanga kwa mshazari utafute nyufa za unywele ndani ya kioo. Katika vyungu vya Kijapani vya donabe nyufa hizo ni za kawaida na hutegemewa. Katika chombo cha bei nafuu chenye rangi kali zinaonyesha kioo na udongo wake havikuoana. Glezi inayobanduka kwa magamba mdomoni ni mbaya zaidi, kwa sababu magamba hayo yatakwenda kwenye chakula.

Kuna hatari ambayo sikio na kidole havitaigundua, nayo ni risasi. Oksidi ya risasi huyeyusha kioo kwenye joto dogo, na hivyo imependwa mno na wafinyanzi wenye tanuri za kuni. Huko Meksiko glezi hiyo huitwa greta. Ililetwa na Wahispania katika karne ya 16, na mpaka sasa juhudi za kuwahamisha wafinyanzi kwenye glezi isiyo na risasi zinaendelea. Glezi ya risasi isipochomwa ikaiva, risasi hutolewa na uchachu: ndimu, siki, nyanya, ukwaju. Fikiria mapishi ya Pwani, kisha ufikirie chungu kama hicho. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto, ambao hudhurika ubongo. Vijiti vya kupimia vinavyouzwa madukani havitoshi. Kipimo cha kuaminika ni cha maabara. Mimi chombo cha glezi kisichojulikana kilikotoka sikipikii, na kikiwa na doa lililofifia ndani mahali ambapo mchuzi mchachu ulilala, hata matunda siweki humo.

Hao Wajapani niliowataja wana mambo ya kutufaa. Udongo wa Iga, katika mkoa wa Mie, unatoka kwenye sakafu ya kale ya Ziwa Biwa, na masalia ya mimea yaliyomo huungua na kuacha vitundu vinavyostahimili moto. Jirani yao, Yokkaichi, wafinyanzi wa vyombo viitwavyo Banko huchanganya udongo na petalaiti, madini ya lithiamu ambayo hayatanuki sana yakipata joto, na petalaiti hiyo kwa miaka mingi ilitoka Bikita, Zimbabwe. Vyungu vingi vinavyochemka katika nyumba za Japani vina jiwe la Afrika ndani yake. Na chungu kipya cha Iga hakipikiwi kitu kabla hakijapikiwa uji wa mchele, ili wanga uzibe vitundu.

Uji huo unafaa chungu cha kwetu vilevile. Kiloweke kipya usiku mzima, kianike kivulini kikauke kabisa, kisha pika ndani yake uji mwepesi wa mchele kwa moto mdogo, ukiache upoe humo humo. Mwaga, suuza, kausha, halafu kipake mafuta ya nazi ndani. Kabla ya yote hayo kijaze maji ukiweke kwa saa moja: kikitoa jasho, ni kawaida na uji utakiponya, kikidondosha, uji hautatosha.

Moto uanze mdogo kila siku. Usiteleke chungu kikavu kitupu, usitie maji baridi kwenye chungu cha moto, wala usikitue kwenye sakafu ya saruji yenye maji; weka kata au kitambaa kikavu chini yake. Wanaotumia gesi watafute bati la kutawanya moto, kwa kuwa mwali wa gesi hupiga mahali pamoja. Korogea mwiko wa mti, pakua kwa upawa. Chungu kisicho na glezi kioshwe kwa maji ya moto na dodoki, bila sabuni, kwani huinywa na kuirudisha kwenye mboga. Kikaukie juani, mdomo juu, na kihifadhiwe bila kifuniko. Harufu ya ukungu ikitokea, chemsha maji humo, mwaga, anika tena. Mchuzi usilale chunguni. Kimoja kiwe cha samaki na kingine cha wali, maana chungu cha udongo hakisahau samaki.

Ufa mwembamba wa mdomoni usioshuka begani huvumilika kwa miaka. Ufa wa kitakoni haudawiwi. Chungu cha glezi kilichobanduka ndani au chenye shaka ya risasi usimpe jirani wala usikiache jalalani kizima, kwa sababu kuna atakayekiokota apikie watoto. Kitoboe kitako kwa msumari, upande maua. Maua tu, mchicha usipandwe humo.